Usifute Bila Sharti

Juzi msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, nasoma rekodi kwanza, nahakikisha hali yake, ndipo nafuta. Mbona bado napoteza data?" Nilinyamaza kidogo. Kosa hilo nalijua, limeninyima usingizi.

Niliandika programu ya kusafisha oda zisizolipiwa, kwenye Cassandra, hifadhidata inayotunza nakala za data kwenye kompyuta kadhaa, yaani nodi. Ilisoma oda, ikikuta bado "inasubiri" inaifuta. Kwenye majaribio, safi kabisa. Kwenye kazi yenyewe, kati ya kusoma na kufuta pana upenyo wa milisekunde chache, na mteja analipa humohumo. Nodi nyingine inaandika "imelipwa", amri yangu inafuata na kufagia kila kitu, maana muhuri wake wa muda ni wa baadaye, na wa baadaye ndio hushinda. Kikaoni niliambiwa mbele ya wenzangu kwamba siaminiki na data za watu. Mpaka leo linaniuma.

Sharti liweke ndani ya amri yenyewe:

DELETE FROM oda WHERE id = ? IF hali = 'inasubiri';

Hapo nodi zenye nakala za data hukubaliana kwanza kwa Paxos, utaratibu wa kompyuta nyingi kufikia uamuzi mmoja, ndipo rekodi ifutwe. Cassandra inaweza hivyo tangu toleo la 2.0, mwaka 2013. Ni ghali: katika utaratibu wake wa awali, nodi huwasiliana mizunguko 4 kwa amri moja. Itumie panapostahili.

Nikadhani nimepona. Kumbe jibu nilikuwa silisomi! Sharti lisipotimia, Cassandra hailalamiki. Inarudisha safu wima iitwayo [applied] yenye false, yaani haikutekelezwa, basi. Logi zangu, yaani kumbukumbu za programu, zikawa zinasema "imefutwa" kwa oda zilizopo. Ndugu yangu, soma jibu. Kila mara, soma jibu.

Halafu upande wa malipo ulikuwa bado unatumia UPDATE ya kawaida, amri ya kubadilisha rekodi, isiyo na IF. Hiyo haipiti kwenye makubaliano ya Paxos, kwa hiyo sharti langu halikuizuia. Tena, ikikuta oda imeshafutwa, inaizalisha upya ikiwa nusunusu: ina hali, haina mteja. Wote wanaoigusa rekodi hiyo lazima watumie IF. Mkibishana kazini kuhusu hili, usilegee.

Na muda wa kusubiri jibu ukiisha, usidhani imeshindikana. Huenda imefutwa, huenda bado. Isome kwa kiwango cha SERIAL, usomaji unaopitia makubaliano yaleyale ya Paxos, ndipo uamue kama utarudia.