Maswali ya Wasomaji: Masihara ya Mwezini

SWALI: Ndugu Mhariri, babu anashikilia kwamba mtu alikanyaga Mwezi alfajiri ya Jumatatu. Vitabu vinasema Jumapili, Julai 20, 1969. Nani kakosea?

JIBU: Hakuna aliyekosea. Chombo kilitua Jumapili saa 5:17 usiku kwa saa zetu za Afrika Mashariki, lakini mwanaanga Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga Mwezi, alishuka ngazi baada ya muda wa saa sita na nusu hivi: saa 11:56 alfajiri, Jumatatu, Julai 21. Houston, Marekani, kwenye kituo cha kuongozea safari, ilikuwa bado Jumapili, saa 3:56 usiku. Ukisoma saa ya Houston katika kumbukumbu za safari ile, ongeza saa 8. Na babu akisema alisikia redioni, mwamini. Kituo cha setilaiti cha Longonot, Kenya, ambacho kingeweza kutuletea picha za televisheni moja kwa moja, kilifunguliwa mwaka uliofuata.

SWALI: Ni kweli wanaanga hao wa Apollo 11 walijaza fomu ya forodha waliporudi?

JIBU: Ipo, na ina saini za wote watatu. Walikotoka: Mwezini. Mzigo: sampuli za mawe na vumbi. Penye swali la magonjwa wameandika kwamba itajulikana baadaye. Ilikuwa utani, ingawa hilo la magonjwa lilikuwa na ukweli wake: waliwekwa karantini hadi Agosti 10.

SWALI: Mwanaanga Shepard alisema mpira wa gofu alioupiga Mwezini ulikwenda maili na maili. Mbona wengine wanasema haukufika popote?

JIBU: Alikuwa anatania. Februari 1971, mwishoni mwa kazi za Apollo 14, alichomeka kichwa cha fimbo ya gofu namba 6 kwenye mpini wa kifaa cha kuchotea udongo, akadondosha mipira miwili. Uvutano wa Mwezi ni moja ya sita ya wetu, wala hakuna hewa ya kuupunguza mpira kasi, kwa hiyo kwa hesabu tupu ulipaswa kwenda mbali sana. Kilichoharibu ni suti. Ikishajazwa hewa hukakamaa kama tairi. Mikono miwili haikutani vizuri kifuani, kiuno hakizunguki. Akapiga kwa mkono mmoja, na mara ya kwanza alichota vumbi kuliko mpira. Picha zilizosafishwa upya mwaka 2021 zilitoa vipimo: mpira wa kwanza kama mita 22, wa pili kama 36. Kwa mtu aliyevaa vile, si haba.

SWALI: Utani gani wa Mwezini ulioshindikana?

JIBU: Wa Apollo 12, Novemba 1969, na kwetu ndio bora kuliko yote. Wanaanga Conrad na Bean walibeba kwa siri kifaa kidogo cha kuchelewesha kamera ya Hasselblad, ili wapigwe picha wote wawili kando ya Surveyor 3, chombo kisicho na watu kilichokuwa kimetua hapo awali, halafu watu duniani waulizane: sasa huyu mpiga picha ni nani? Kosa lao lilikuwa kukitia kwenye mfuko wa zana. Walipofika Surveyor mfuko ulishajaa mawe na vumbi, na kwa glovu nene zile vidole havitambui kitu kidogo. Bean alipekua, akakata tamaa. Kilionekana mwishoni, alipokuwa akimwaga mawe ili yapakiwe. Akakitupa kwa nguvu zake zote.