Kodi ya Kujirembesha kwa Kisu: Maswali Yenu

SWALI: Habari yako bwana wa pesa. Mimi ni mama wa mapacha, naishi Umoja. Tangu nijifungue tumbo halijarudi, ngozi inaning'inia na misuli ya katikati iliachana, daktari mwenyewe aliniambia mazoezi hayatafanya kitu kikubwa. Nimekuwa nikiweka pesa kwa sako pole pole, kliniki moja imeniambia laki nne. Sasa juzi kwa chama mmoja wetu akasema nchi za wenzetu upasuaji wa urembo unakatwa kodi na huku pia itafika tu. Ni ukweli? Na mimi nitahesabiwa mtu wa urembo ama mgonjwa?
Mama Pacha, Umoja

JIBU: Mama Pacha, huyo wa chama hajakudanganya ila amekutisha mapema. Huku Kenya hatuna kodi maalum ya upasuaji wa urembo. Tuliyo nayo ni VAT ya asilimia 16, na sheria yake ya 2013 imeweka huduma za matibabu kwa ile orodha ya vitu visivyotozwa, ndio maana ukitolewa apendiksi hakuna mtu anakubandikia 16 juu ya bili. Urembo serikali imeugusa kwa njia zingine, vipodozi vya kutoka nje vina ushuru wake tayari, na 2023 Mswada wa Fedha ulitaka kuongeza wigi, kope na kucha za kubandika, watu wakapiga kelele mpaka kamati ya bunge ikazitoa. Na 2024 Mswada wa Fedha mzima ulirudishwa baada ya maandamano, hiyo sina haja ya kukukumbusha, yalikuwa mji huu huu.

Nje ndio kuna mengi. Uingereza ukifanya upasuaji wa sura tu unalipa VAT ya asilimia 20, lakini mwanamke aliyetolewa titi kwa sababu ya kansa akijengewa lingine halipi, hayo ni matibabu. Korea Kusini walianza 2011 na asilimia 10 kwa aina chache kama pua, matiti na kope, 2014 wakapanua ikashika karibu kila kitu cha urembo. Marekani 2009 maseneta walikuwa wanatafuta pesa za mpango wa afya wa Obama, wakapendekeza asilimia 5 kwa upasuaji wa urembo usio wa lazima, hesabu yao ilikuwa karibu dola bilioni 6 kwa miaka 10. Madaktari wakakataa, vikundi vya wanawake vikakataa vikisema wanaolala kwa hizo meza wengi ni wanawake kwa hivyo hii ni kodi yao, na kabla mwaka kuisha ikatupwa. Mahali pake wakaweka asilimia 10 kwa zile saluni za kuchoma ngozi na taa ili mtu awe rangi ya kahawia. (Sisi huku tunanunua krimu za kujichubua, wao wanalipa wakolee. Dunia.)

Sasa swali lako la pili ndilo lenye uzito, na hapo ndipo hizi kodi zote hukwama. Tumbo lako ni urembo ama ugonjwa? Kama misuli imeachana na mgongo unauma na huwezi kubeba ndoo, mimi nasema ni matibabu. Afisa wa kodi akiangalia bili ataona tu "kukaza tumbo". Mahakama ya Ulaya ilisikiza kesi ya kliniki moja ya Sweden, 2013 ikaamua kwamba anachohisi mgonjwa peke yake hakitoshi, lazima mtu wa afya aliyehitimu ndiye aseme upasuaji ni wa kutibu. Hata shida ya akili inayotokana na mwili inaweza kuhesabiwa, mradi mtaalamu amethibitisha. Kwa hivyo hata kama kodi haijafika, mwambie daktari wako aandike kwa karatasi alichokuambia kwa mdomo, misuli imeachana kiasi gani, maumivu, mazoezi uliyojaribu. Na uulize kliniki kama hiyo laki nne ni bei ya mwisho ama kuna kitu kitaongezwa juu. 16 ya laki nne ni elfu sitini na nne, hiyo si pesa ya kukutana nayo kaunta siku ya kulipa.

SWALI: Mi naona waweke ata asilimia 50. Hao ni mamanzi wa Kilimani wanapost makalio mapya kila wiki na sisi tunakatwa asilimia 2.75 ya SHIF, ile bima ya afya, kwa payslip. Si watoe pesa wasaidie hospitali?
Kevo, Kasarani

JIBU: Kevo, hasira naielewa lakini soma barua iliyo juu yako kwanza, huyo si manzi wa Kilimani.

Halafu kuna New Jersey, jimbo la Marekani. Hao walijaribu ukweli, 2004 wakaweka asilimia 6 kwa upasuaji wa urembo, jimbo jirani ni New York, mtu anavuka daraja tu anafanyiwa upasuaji huko na hiyo kodi halipi. Pesa iliyoingia ilikuwa chini kabisa ya ile waliyopanga, madaktari wakageuzwa makarani wa ushuru, mwishowe wakaanza kuipunguza na 2014 ikaisha. Wewe ukiweka 50 hapa, mwenye pesa anapanda ndege, anayebaki kulipa ni wa sako.

Mimi msimamo wangu ni huu, na najua wengine mtanitusi. VAT ya kawaida kwa pua ambayo haina shida yoyote, sina ugomvi nayo. Saluni kubwa yenye mauzo ya juu inatoza VAT kwa kusuka nywele, sasa mbona pua ya nusu milioni ipite bure? Lakini kodi ya adhabu kama ya sigara na pombe, hapana. Sigara tunaitoza ili watu waache na kwa sababu inaua hata aliyekaa kando. Makalio ya jirani yako yamekuumiza wapi?

SWALI: Nikienda Istanbul kufanya BBL, ile ya kuongeza makalio kwa mafuta ya mwili wako, KRA watanidai nikirudi?
Jina mnalo, South B

JIBU: La. Upasuaji uliofanyiwa kule haukatwi VAT huku, na hakuna mtu uwanja wa ndege JKIA atakupima kiuno. Lakini usipige hesabu ya kodi peke yake, dada. BBL ina hatari yake, mafuta yakidungwa ndani ya msuli yanaweza kuingia kwa mshipa yakafika kwa mapafu, na hiyo inaua. Huku unaweza kuangalia leseni ya daktari kwa KMPDC, baraza linalosimamia madaktari, kabla hujatoa shilingi, kule utategemea picha za Instagram na ajenti anayekutumia voisi noti. Muulize kidonda kikianza kutoa usaha wiki mbili baada ya kurudi South B nani atakushughulikia na kwa bili ya nani, na hilo jibu alitume kwa maandishi kabla ya diposti.