Kabla hujanunua maharage, uliza kama sufuria ipo

Desemba 2011, mto Msimbazi wa Dar es Salaam ulipofurika na bonde la Jangwani likageuka ziwa, sisi wa kikundi cha kufa na kuzikana tulichanga fasta. Tukanunua sembe na maharage, tukakodi kirikuu, tukashusha mzigo kwenye shule walikohifadhiwa waathirika. Picha tukapiga, roho zetu kwatu.

Jioni nilirudi peke yangu. Darasani nikamkuta mama mmoja amekaa juu ya dawati, mfuko wetu wa maharage mapajani, anachambua punje moja moja.

"Shikamoo mama. Mbona hujabandika?"

"Marahaba mwanangu. Nibandike nini, na wapi?"

Sufuria zake zilikwenda na maji, jiko nalo vilevile. Na hata angeazimwa jiko, maharage makavu yanakaa motoni saa mbili na ushee. Mkaa wa kuyaivisha angeutoa wapi? Alikuwa anachambua ili mikono isikae bure tu.

Kwa hiyo siku mbili tatu za mwanzo, peleka chakula kilichoiva. Usijitie kupika mwenyewe. Kaa na mama ntilie wawili watatu wa mtaani kwenu, mkubaliane bei. Masufuria makubwa wanayo na kupikia watu mia hakuwatishi. Wali maharage kwenye ndoo zenye mfuniko, asubuhi uji wa watoto. Pilau acheni, nyama inaleta ugomvi kwenye foleni.

Chakula kikavu kije baadaye, na kije na hesabu. Mashirika ya misaada hukadiria kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Ukiweka unga gramu 400, maharage 60 na mafuta 25, unaikaribia. Familia ya watu watano kwa wiki ni unga kilo 14, maharage kilo mbili na kidogo, mafuta karibu lita moja. Chumvi tuliisahau, na kiberiti pia. Pimeni na mfunge nyumbani, maana ukianza kuchota kwa kopo mbele ya watu wenye njaa, kila jicho litakuwa kwenye kopo.

Orodha ndiyo iliyotutoa jasho. Mjumbe alitupa majina ya wenye nyumba, nasi tukayapokea kama yalivyo. Lakini bondeni kule nyumba moja ina vyumba sita na wapangaji sita, kila mmoja na jiko lake, na mwenye nyumba pengine anaishi Mbagala! Tuligawa mifuko, wapangaji wakabaki wanatutazama. Siku hizi siulizi nyumba ngapi, nauliza mnapika vyungu vingapi. Wapo watakaojiandikisha mara mbili, ndiyo, wapo. Mimi heri nipunjwe mfuko mmoja kuliko mwenye mtoto mgongoni aondoke mikono mitupu. Ulizeni pia waliokimbilia kwa ndugu Kigogo na Tandale. Hao hawalali shuleni, hivyo hakuna anayewahesabu, na ndugu aliyewapokea naye unga wake unakwisha.

Wazee, wajawazito na wanaonyonyesha wapewe namba za mwanzo, na mgao uanze asubuhi, kabla jua halijawa kali na vijana hawajaanza kusukumana.

Masika ya 2018 maji yaliporudi, kirikuu chetu kilipakia kwanza sufuria, majiko na magunia mawili ya mkaa. Maharage yalipelekwa siku ya nne.