Usifyeke rasiberi zote, utajuta

Mkuu weka huo mkasi chini kwanza! Eti wikiendi hii unafyeka rasiberi na blakiberi zote mpaka usawa wa udongo "zichipue upya kwa nguvu", halafu unauliza mbolea gani na nafasi ya kupandia. Mbolea ya nini sasa? Ya kulisha majani?

Sikia. Mizizi ya hii mimea inaishi miaka mingi, ila kila ufito, yaani lile shina refu linalotoka chini, unaishi miwili tu. Mwaka wa kwanza unarefuka na kutoa majani, wa pili unatoa maua, unazaa, unakufa. Ukifyeka zote umekata na zile zilizokuwa zinasubiri zamu yao. Mimi nilimsikiliza jamaa mmoja wa kwenye video, anafyeka huku anatabasamu, "usiogope, kata zote". Nikakata zote. Msimu ukaja nina kichaka kizuri cha kijani, miiba ya kutosha kulinda benki, tunda hata la kuonja hakuna. Nikadhani udongo umechoka, nikamwaga samadi, kichaka kikanenepa, nikafyeka tena kama mtaalamu wangu alivyosema, na matokeo yakawa yaleyale. Watu wakiuliza nawaambia ni maua ya mapambo.

Kumbe yeye alikuwa na ile aina inayozaa kwenye fito za mwaka huohuo, kuelekea mwisho wa msimu, hiyo kweli unaifyeka yote ikishapumzika na bado inazaa. Si angesema! Na aliyeniuzia miche nilipomuuliza ni aina gani akanijibu "ni ile nzuri". Nzuri kwa nani?

Kwa hiyo kama hujui aina yako, ufito ambao haujazaa HAUGUSWI. Matunda yakiwa bado yapo pita na vipande vya kamba, funga kila ufito wenye tunda, ukimaliza kuvuna unakata zenye kamba tu, chini kabisa, usiache visiki. Na kama umeshachelewa angalia vizuri, uliozaa ni wa kahawia, gome linabanduka, pembeni una vitawi vikavu, na kwenye rasiberi utakuta vile vikonyo vyeupe vyenye ncha ambapo tunda lilichomoka (blakiberi linatoka na chake). Mpya ni wa kijani, laini, umenyooka. Blakiberi nayo ni hivyohivyo, ila vaa mikono mirefu.

Nafasi, rasiberi sentimita 50 hivi zinatosha, blakiberi ipe hata mita 2 kwa sababu ncha yake ikigusa udongo inaota mizizi na unapata mche ambao hukuuomba. Maji yasituame tu, mizizi inaoza. La mbolea wadau wengine watakuja kukujibu, mimi nasema weka kwanza picha za hizo fito tuone zipi zimezaa kabla hujakata chochote.