Fundi, mbona helikopta haishtuki?

SWALI: Shikamoo fundi. Nimelehemu seti ya TV-B-Gone, ile ya kuzimia televisheni, nikabadilisha programu itoe infraredi (ule mwanga wa rimoti usioonekana kwa macho) ya kilohezi 38, yaani miwako 38,000 kwa sekunde, mfululizo, nimchokoze mdogo wangu na helikopta yake ya rimoti. Inayumba kidogo, kisha inaendelea kuruka. Nimekosea wapi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Ulehemu wako ni mzima. Kosa liko kwenye hilo neno "mfululizo". Kijicho cheusi kinachopokea mwanga ndani ya helikopta kimeundwa kupuuza kisichokatika, la sivyo taa za sebuleni zingekihangaisha usiku kucha. Kikiona kilohezi 38 bila pumziko, hupunguza usikivu wake, na rimoti iliyo karibu bado inasikika. Kwa hiyo katakata: washa kama mikrosekunde 600, zima, washa tena, na mapumziko yasilingane. Hapo amri za rimoti zitachanganyika na fujo zako. ATtiny85, chipu ndogo inayoendesha programu ndani ya seti, inaiweza kazi hiyo bila jasho.

Hakikisha LED (vitaa vya infraredi) zote nne za seti zinawaka kwa kuzitazama kupitia kamera ya simu, hasa ya mbele. Utaona zambarau hafifu. Na jaribu ndani. Mimi nilijaribia barazani saa nane mchana, jua likanitangulia: helikopta haikumtii hata mwenye rimoti!

Tandika godoro chini. Ikivunjika panga, utanunua wewe. Droni za redio usijisumbue nazo, hazina kijicho hicho.