Boti inakula hata ikiwa imelala: jibu kwa mdau anayetaka kununua na wenzake wawili

Mkuu, umeuliza kama ninyi watatu mnaweza kuchanga mkanunua boti ya mtumba ya mita 6 yenye injini ya nje ya farasi 60, ya kutembelea tu wikiendi. Ukamalizia kwamba kikubwa ni mafuta, mengine madogo madogo. Hapo nimecheka peke yangu. Nilikuwa na boti ya aina hiyo miaka 3 nikiwa mwenyewe, kisha miaka 6 tukiwa wanne, na daftari la matumizi ninalo mpaka leo. Mafuta hayakuwahi kufika hata robo ya tulichotoa kwa mwaka.

Si kwamba injini hizo hazinywi. Ya farasi 60 ukiikamua mpaka mwisho inamaliza lita 20 na ushei kwa saa. Ila jiulize mtatoka mara ngapi. Sisi tulijiona watu wa majini kwelikweli, na mita inayohesabu saa za injini ilikuwa inasoma saa 50 hivi kwa mwaka mzima. Mwaka una saa 8,760. Zote zilizobaki boti ilikuwa imefungwa, na huko ilikofungwa ilikuwa inatula: maegesho, bima, leseni, betri inayokufa taratibu, petroli inayochacha kwenye tangi. Hata oili ya injini na ile ya gia hubadilishwa kila saa 100 au mara moja kwa mwaka, kinachotangulia. Kwa mtu wa wikiendi kinachotangulia ni mwaka, siku zote.

Maegesho yanatozwa kwa urefu. Tulipiga hesabu ya mita 6 kama karatasi zilivyosema, tukajikuta tunalipia karibu 7, kwa sababu jamaa wa maegesho alianza kupima kwenye kishikio cha nanga kule omo, yaani mbele, akamalizia kwenye propela. Kama mnaweza kuiweka nyumbani kwenye trela mtaokoa hapo, lakini trela inayozamishwa kwenye maji ya chumvi nayo ina beringi na breki zake, na zinaoza kimyakimya.

Boti ikikaa majini kuna rangi ya kuzuia mwani, kwa kawaida kila mwaka. Bei ya kopo si hoja. Hoja ni kuitoa boti majini, kuiosha kwa pampu ya presha, kukwangua vile viganda vikali vilivyong'ang'ania chini, kupiga msasa, ndipo upake. Mwaka mmoja tuliuruka, tukajiona wajanja. Ilipofika katikati ya msimu boti haikuweza tena kunyanyuka juu ya maji ikiwa na watu wanne. Ilikuwa inalima maji tu, injini inalia, mafuta yanakwenda. Tulichookoa kwenye rangi tulikimwaga kwenye tangi.

Utasikia watu wanasema tenga asilimia 10 ya bei ya boti kila mwaka. Kwa boti mpya sina ugomvi nayo. Kwa ya mtumba inapotosha, kwa sababu pampu ya ngama, ile ya kutoa maji yanayojikusanya chini ndani ya boti, haijui kwamba mlinunua kwa bei ya kutupa. Inauzwa bei ileile. Pigeni hesabu kwa bei ya boti kama hiyo ikiwa mpya. (Wahenga walisema tezi na omo marejeo ngamani. Kwetu hata pesa zilirejea hukohuko.)

Sasa kuhusu kushirikiana, maana hapo ndipo tulipoumia. Injini ya nje hupozwa kwa maji yanayovutwa na kijifeni cha raba kinachoitwa impela. Ikiwa nzima, utaona maji yanaruka nyuma ya injini kama mtu anakojoa. Kitu chenyewe kinaenea kiganjani, bei yake haimtishi mtu, na fundi wetu alikuwa anashauri kibadilishwe kila mwaka au miwili. Sisi tulikuwa mwaka wa tatu. Siku hiyo nilikuwa kwenye usukani, king'ora cha joto kikalia, nikageuka: mkojo hakuna, mvuke mtupu. Fundi alipofungua, impela ilikuwa imebaki na mabawa manne kati ya sita, na vipande vingine vilikuwa vimekwama kwenye njia ya maji. Gasketi ya silinda hedi ilikuwa imeungua.

Mwenzetu mmoja ndipo akasema, kwa nia njema kabisa, kwamba wiki mbili kabla aliona maji yanatoka membamba, akadhani mwingine ameshaona. Wote wanne tulikuwa tunaamini kuna mwingine anayeangalia. Tukabishana mwezi mzima nani alipe: aliyeendesha, aliyenyamaza, au wote? Tulilipa wote, na mmoja akaomba fungu lake arudishiwe. Hatukuwa na makubaliano ya namna ya kujitoa, hivyo tukaanza kubishana upya boti ina thamani gani.

Baada ya hapo tulijipanga hivi. Gharama za kukaa, yaani maegesho, bima, rangi na huduma ya mwaka, tuligawana sawa hata kwa asiyetoka kabisa. Gharama za kutembea zilifuata saa zako kwenye mita, na tangi unalirudisha lilivyokuwa. Kila mwezi kiasi fulani kiliingia mfukoni mwa boti, ili kukiharibika kitu tusianze kutafutana kwenye simu. Daftari lilikaa ndani ya boti kwenye mfuko wa nailoni, na ukishuka unaandika ulichokiona, hata kama ni ujinga. Mmoja wetu alikuwa msimamizi kwa mwaka, na huyo alipunguziwa mchango, kwa sababu kazi ya mikono haigawanyiki kirahisi kama pesa. Jumamosi ya kukwangua viganda, watu wote wana harusi.

Bima isomeni wenyewe. Hakikisheni majina yenu yote matatu yamo, na msidanganyike kwamba mtapunguza makali kwa kuikodisha. Bima ya matumizi binafsi kwa kawaida hailipi kukitokea ajali ukiwa na abiria wa kulipa.

Kabla hamjatoa pesa, mwombe muuzaji alegeze skrubu ya chini ya gia mbele yenu. Oili ikitoka na weupe kama maziwa, maji yameshaingia. Angalieni na zinki zilizofungwa karibu na propela, vile vipande vinavyowekwa vilike badala ya chuma cha injini: zikiwa zimelika zaidi ya nusu na hajazibadilisha, mengine pia hajayafanya. Ukipiga picha za sehemu hizo mbili ziweke hapa, nitakuambia ninachokiona.