Maswali na Majibu: Mota ya gari ya rimoti inachemka, ninunue kubwa zaidi?

SWALI: Assalamu alaykum fundi, na shikamoo. Mimi ni kijana wa Wete, Pemba. Tuna kikundi kidogo cha kushindanisha gari za rimoti, jioni baada ya laasiri, kwenye uwanja wa udongo. Yangu ni bagi (gari ya udongo) ya 1/10, yaani sehemu moja ya kumi ya gari ya kweli, inasukuma kwa magurudumu ya nyuma tu, niliuziwa na jamaa aliyerudi kutoka Maskati. Ilikuja na mota ya kaboni, saizi ya 540. Nikaitoa, nikafunga brashilesi, yaani isiyo na kaboni, ya 3,300 kV, na betri ya lipo (lithiamu polima) ya seli 2, mAh 5,000. Gia kubwa ina meno 81, na pinioni, ile gia ndogo ya kwenye mota, meno 27. Kijitabu chake kinasema uwiano wa gia za ndani ni 2.6. Mbio inazo, lakini ikifika dakika ya nne mota haishikiki kwa mkono, na mara mbili imezima katikati ya mzunguko. Wenzangu wananambia mota ni dhaifu, ninunue ya 4,500 kV na betri ya seli 3. Pesa ninayo ya kitu kimoja tu kwanza. Ninunue nini?

JIBU: Wa alaykum salaam, na marahaba mwanangu. Mota usinunue. Nunua pinioni mbili za chuma, moja ya meno 20 na nyengine ya meno 22. Hata ukizichukua zote mbili, hujafika robo ya bei ya mota unayoambiwa. Kazi yangu ya kila siku ni kusuka mota za pampu na feni hapa Mjini, na hizi gari zenu huletwa karakana na vijana kama wewe, lakini shaba ni shaba. Ikizidishiwa mzigo inachemka, iwe kwenye pampu ya kisima au kwenye bagi.

Nakushukuru kwa kuniandikia meno. Wengi huniletea gari wakaniambia "inachemka" basi, nikabaki kuhesabu mwenyewe kwa miwani. Gawa 81 kwa 27 upate 3, kisha zidisha kwa 2.6 upate 7.8. Maana yake mota inazunguka mara 7.8 ili gurudumu lizunguke mara moja. Hiyo kV nayo ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja, mota ikiwa haina mzigo. Betri ya seli 2 ina volti 7.4 za kawaida, kwa hiyo 3,300 mara 7.4 ni mizunguko 24,420 kwa dakika. Ikigawanywa kwa 7.8, gurudumu linapata kama 3,130. Tairi la bagi lina kipenyo cha milimita 85 hivi, na mzunguko wake mmoja unasogeza gari sentimita 27 kasoro kidogo. Ukipiga hesabu yote unapata kilomita 50 kwa saa.

Sasa jiulize, uwanja wenu una sehemu gani ya kukimbilia kilomita 50? Kabla gari haijaufikia mwendo huo, kona imeshafika, unaachia, unakata, unabana tena. Kila unapobana, mota inaanza upya kutoka chini kwa gia ndefu. Ni sawa na dereva wa daladala anayeondoka kila kituo kwa gia namba tatu: gari itaondoka, ila uliza klachi. Kwenye mota kinachoumia ni waya. Mota ikiwa nzito kuzunguka huvuta ampea nyingi, na joto la waya halipandi sawa na ampea, linapanda kwa mraba wake. Ampea zikiwa maradufu, joto ni mara nne. Ndiyo maana meno machache tu ya pinioni yanatenganisha mota ya vuguvugu na mota inayonuka.

Asili ya tatizo nadhani ni aliyekuuzia, wala hakukosea. Mota ya kaboni ya 540 ya kawaida, ile ya mkebe wa rangi ya fedha, huzunguka mara 15,000 na kitu kwa volti 7.2 bila mzigo. Akitaka mbio kwa mota ile, lazima aweke pinioni kubwa. Wewe ukabadilisha mota, pinioni ukaiacha ilivyo.

Ukifunga meno 20, uwiano unakuwa 10.5 na mwendo wa juu kwenye karatasi ni kilomita 37 hivi. Usivunjike moyo. Kwenye uwanja mdogo utatoka konani upesi zaidi kuliko sasa, kwa sababu mota itaingia haraka kwenye mwendo inaoupenda. Ya meno 22 inakupa 9.6, nayo ni ya akiba. Anza na 20, pima joto, na ikiwa ipo chini sana ndiyo upande. Kuanza na kubwa ukashuka ni kujifunza kwa kuunguza.

Kabla ya kununua kuna jambo linalowala watu pesa zao khasa wanaoagiza: ukubwa wa jino. Pinioni mbili za meno 20 zinaweza kuwa na meno yasiyolingana kabisa, zikifungwa zinalia, na jioni ile ile gia kubwa ya plastiki imekuwa unga. Chukua kalipa, kile kipimo chenye taya mbili, pima upana wa gia yako kubwa kutoka ncha ya jino hadi ncha ya jino la upande wa pili, kisha gawanya kwa idadi ya meno ukiongeza mbili. Kwako ni kugawa kwa 83. Ukipata 0.53 au karibu yake, hiyo ni pichi 48, kipimo cha meno cha inchi, na kwa meno 81 upana wake utakuwa milimita 44 kasoro kidogo. Ukipata 0.6 au 0.5, hiyo ni moduli, kipimo cha meno cha milimita, na utaagiza kwa namba hiyo hiyo. Ukipata 0.8, ni moduli 0.8 au pichi 32, hizo mbili zimekaribiana mno na watu huzichanganya bila madhara makubwa. Lakini 48 na moduli 0.5 au 0.6 usizichanganye hata muuzaji akikuapia. Tazama pia tundu la shafti: mota nyingi za saizi ya 540 zina shafti ya milimita 3.17, na mota kubwa za gari za 1/8 zina milimita 5.

Nimesema za chuma kwa makusudi. Za alumini ni nyepesi na zina rangi nzuri, ila mchanga ukishaikwaruza ile rangi ya juu, meno yanakwisha kama yamepigwa tupa. Kwa udongo na mchanga wa visiwa hivi sioni sababu ya kuzinunua.

Kufunga kwenyewe hakutaki haraka. Pinioni ikiwa ndogo, mota inasogea karibu na gia kubwa. Kwa meno saba uliyopunguza ni kama milimita 2. Angalia kwanza kama tundu refu la skrubu za mota linaruhusu. Ikiwa mota inagota kabla meno hayajashikana, basi dawa ni gia kubwa ya meno 87 na pinioni ya 22, unapata 10.3 na nafasi inabaki karibu ile ile ya mwanzo. Kata kipande chembamba cha karatasi ya daftari, kiweke katikati ya gia mbili, sukuma mota mpaka ikibane, kaza skrubu, kisha zungusha kwa mkono karatasi itoke. Ikitoka imekunjika mikunjo ya meno bila kukatika, umefunga vizuri. Ikitoka imetobolewa, umebana mno, na kubana nako ni mzigo unaochemsha mota. Zungusha gia kubwa duru nzima ukisikiliza, maana nyengine za plastiki hazina duara kamili na zinabana upande mmoja. Ile skrubu ndogo ya pinioni lazima ikae juu ya ubapa wa shafti, na itie gundi ya skrubu tone moja, kwa sababu hapo ni chuma kwa chuma.

Sasa kupima. Mkono si kipimo, kila mtu ana ngozi yake. Azima kipimajoto cha miale, kile cha mafundi wa friji. Vile tulivyokuwa tukielekezewa usoni wakati wa korona havifai, vingi vimepangwa kwa joto la mwili, vikipita nyuzi 43 vinaandika kosa. Bandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme juu ya mkebe wa mota na upime hapo, maana chuma kinachong'aa hukidanganya kipimajoto, kikasoma chini kuliko ukweli. Kimbiza dakika 3, simamisha, pima. Ikiwa chini ya nyuzi 70 endelea hadi dakika 5, pima tena. Ikigusa 80, acha. Ndani ya mota kuna joto zaidi ya nje, na sumaku za neodimi za daraja la kawaida huanza kupoteza nguvu karibu na nyuzi 80. Sumaku ikishadhoofika hairudi ikipoa. Mota yenye sumaku dhaifu huzunguka mbio zaidi ikiwa tupu, mtu akafurahi, kumbe inavuta ampea nyingi kwa nguvu kidogo na inachemka upesi kuliko mwanzo. Yako umeshaichemsha mara kadhaa. Ikiwa baada ya kubadilisha gia bado inapanda juu bila sababu, hapo tutazungumza habari ya mota.

Kuzima katikati ya mzunguko kunaweza kuwa jambo jengine. Kidhibiti mwendo, kile kiboksi chenye feni, hukata kwa sababu mbili: joto lake, au betri kushuka. Ikizima, ipime betri pale pale kwa mita. Seli 2 zilizojaa ni volti 8.4. Ukikuta imekaribia 6.4, kiboksi kimefanya kazi yake kuiokoa betri, usikilaumu. Ukikuta 7.4 au zaidi, ni joto, au betri yenyewe imechoka na inaanguka ikibanwa tu. Hakikisha pia kiboksi kimewekwa kwenye lipo wala si kwenye betri za zamani za nikeli. Aina nyengine zina kidaraja kidogo cha plastiki cha kuhamisha, nyengine unaweka kwa kubana kitufe. Seli ya lipo ikishuka chini ya volti 3 inaharibika, na ikivimba usiichaji tena.

Halafu fungua magurudumu utazame beringi. Toa pinioni, sukuma gari sakafuni. Inatakiwa iteleze yenyewe, na ukizungusha gurudumu kwa kidole usisikie mkwaruzo. Mota yako huenda inasukuma beringi nne zilizojaa mchanga. Saizi huandikwa hivi, kwa mfano 5x10x4: tundu, upana wa nje, unene. Zenye kizibo cha mpira zinazuia vumbi kuliko za kizibo cha bati. Ukiwahi kuipeleka pwani, wakati maji yametoka na mchanga umebanana vizuri, najua inavutia, basi ukirudi ioshe kwa maji baridi ya bomba siku hiyo hiyo, kausha, tia tone la mafuta ya cherehani kila beringi. Mafuta ya nazi hapana, yanashika mchanga. Na hata kiboksi kikiandikwa hakiingii maji, chumvi inakula plagi na feni kwa nje.

Wenzako nao niwajibu. Hiyo 4,500 kV kwa seli 3 ni mizunguko karibu 50,000, na kwa gia uliyonayo ni zaidi ya kilomita 100 kwa saa kwenye karatasi. Bagi ya 1/10 kwa mwendo huo, uwanja wa udongo, watoto wamekaa pembeni! Tena tazama ubavuni mwa kiboksi chako. Kama kimeandikwa 2S (seli 2) peke yake, volti 12.6 za betri iliyojaa zitakitoa moshi siku ya kwanza.

Pesa ikibaki, nunua tairi. Udongo mwekundu ukikauka na kupigwa jua unataka vijino vifupi vilivyosongamana vya mpira laini. Vile virefu ni vya udongo mbichi wa masika, na kwenye kavu gari inacheza juu yake. Niandikie uwanja wenu ni mkavu kiasi gani na tairi zilizopo zina vijino vya urefu gani, nikwambie uchague zipi.